Pumzi Zangu, Kadi Yake

Jumatatu, 2 Machi
Mashine ya kupumulia imefika, ya kuazimwa na hospitali. Nesi kasema mume wangu avae barakoa yake kila alalapo ili pumzi zisimkatike usingizini, masaa manne kwa siku yasipungue. Kadi iliyomo inahesabu. Yakitimia, daktari atamwandikia barua arudi kuendesha lori. Na yeye kaapa: siku ya barua ndiyo siku ya kurudi chumbani. Miezi saba yuko kwenye kochi! Ni mdomo wangu huu—nilimwambia anakoroma kama mashine ya kusaga, ataniua kwa kukosa usingizi. Akachukua mto wake, akahamia sebuleni. Namtamani mpaka naona aibu kuandika.

Alhamisi, 5 Machi
Barakoa sakafuni tena. Anaivua usingizini, hajijui. Eti "nimelala nayo mpaka kumekucha"! Mashine inaonyesha dakika arobaini. Nimeiokota, nikaifuta vumbi.

Jumatano, 11 Machi
Kaenda gereji kupiga soga na madereva wenzake. Nikaivaa mimi, kama jana na juzi. Nimepinda sketi sita za shule kwa cherehani yangu huku hewa ikinisukuma puani. Mteja kaingia bila hodi—mayowe! Kisha kicheko mpaka kakaa chini. Masaa manne yametimia. Barakoa inanukia ndevu zake. Nimekaa nayo zaidi kidogo.

Ijumaa, 20 Machi
Jamani! Nesi kasoma kadi: masaa yametimia, tena pumzi hazikatiki kabisa. Kamwita mgonjwa wa mfano. Moyo ukanilipuka paa! Pumzi zile ni zangu. Nilidhani kadi inahesabu masaa tu. Daktari kasaini barua. Mume wangu kanishika mkono pale pale koridoni, mbele za watu. Nikajisemea moyoni nitamwambia ukweli nyumbani. Nyumbani kaja chumbani na mto.

Jumapili, 22 Machi
Kesho alfajiri anaondoka na lori. Jana nilikuwa na furaha kama bi harusi, sikatai. Sasa ni saa tisa mchana, amelala ubavuni mwangu. Barakoa kaitundika msumarini: "Mke wangu, mimi nimeshapona." Anakoroma. Kisha kimya. Nahesabu mpaka ishirini, anashtuka, anavuta hewa, anaendelea. Mara ya nane hii tangu nishike kalamu. Nikimwambia, atachukua mto. Namjua. Na nisipomwambia, je, akisinzia kwenye usukani? Mkono wake uko kiunoni mwangu, mzito, wa moto. Sitaki utoke. Kimya tena. Kumi. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini—Baba watoto! Nimemshika bega, kafumbua macho, ananiuliza kuna nini. Naweka kalamu chini, nimwambie.