Nilivyoomba Waone Ugonjwa

Mama yangu,

Nakuandikia kutoka wodini, Dar es Salaam. Mkono wa kulia una bandeji, kwa hiyo mwandiko unisamehe. Siwezi kutulia. Jana wameniingiza kamera kwenye mishipa ya moyo kupitia mkono huo.

Unakumbuka miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, baba alipoanza biashara ya mitumba pale Bulyaga? Mimi na wewe tulibeba nguo kupeleka gulioni Kisondela. Kila kilima ulisimama, ukafungua kanga na kuifunga upya, taratibu, mpaka kifua kikuachie. Nilijua kanga haikulegea. Shangazi naye, mbele ya wageni: "Huyu wifi yangu anadeka tu. Akiona mzigo, kifua kinambana!" Hospitali wakakupa dawa za vidonda vya tumbo. Ukaendelea kubeba. Ukatutoka asubuhi moja ukimenya ndizi, watu bado wanabishana kama ulikuwa mgonjwa.

Sasa kifua changu kimeanza vilevile. Mara ya kwanza walinipiga picha ile ya dawa na eksirei, wakasema mishipa iko wazi. "Punguza mawazo, mama." Mawazo! Nilitoka pale kwa hasira. Nikarudi, nikang'ang'ana, mpaka daktari mmoja akanieleza kwamba picha ile huonyesha njia ya damu tu. Ukuta wenyewe wa mshipa hutazamwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa ndani.

Basi jana nimelala mezani, macho wazi, naomba, Mungu anisamehe, waone ugonjwa. Niliogopa kuambiwa mzima kuliko kuambiwa nakufa.

Wakaona. Mafuta yalijificha ndani ya ukuta, na pamechanika. Nikaangua kilio, daktari akadhani ni hofu. "Usilie, unatibika," akasema.

Mishipa yako hatutaiona kamwe, na hilo linaninyima raha. Leo nimempigia shangazi. Amesikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wifi alikuwa anaumwa kweli?"

Maneno makali niliyomwekea miaka yote hii nikayaacha. Nikasema, "Alikuwa anaumwa," nikakata simu.

Nimeandikiwa mapumziko, mama, na hakuna aliyebisha. Laiti wangekuandikia wewe.

Lala salama,
Binti yako