Kiganja cha Phelista

Baba Phelista,

Huku Kitale mahindi yamekauka vizuri, na pikapu yako imepona.

Mafundi wote wa gereji walisema ile ngurumo ni ya tairi. Binti yetu akainua gari kwa jeki, akazungusha gurudumu moja moja, kiganja kwenye springi, macho amefumba. Akaonyesha la nyuma, kushoto. Walipochomoa ekseli, beringi ilimwagika vipande kama mahindi yaliyosagwa. Mpya aliiingiza mwenyewe. Fundi mkuu alivua kofia, bana!

Jumatatu anaanza kazi hapo. Najua ulisema gereji si mahali pa mtoto asiyesikia. Lakini mimi na wewe, wenye masikio, tulisikia ile ngurumo tangu Bungoma, na ukaongeza sauti ya redio.

Wako,
Rispah