Baiskeli Inalia Nikimpakia Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijamwangusha mzee wa watu barabarani kisha nikaitwa muuaji, maana nimesema mpaka sauti imekauka na hakuna anayenisikiliza, na anayetakiwa kunisikiliza kuliko wote ni mume wangu, ambaye kazi yake, tafadhali usicheke, ni fundi baiskeli.

Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu nyumbani kisha nawapelekea kwa baiskeli, na baiskeli hiyo mume wangu aliiunda mwenyewe kwa vipuri vya hapa na pale akanipa, nikafurahi, nikaiendesha bila taabu yoyote. Taabu imeanza mama mkwe alipokuja kukaa kwetu kuuguza mguu, ana kidonda juu ya kifundo ambacho lazima kisafishwe kliniki, na kutembea mwendo ule hawezi, basi mimi ndiye ninayempakia kwenye keria kumpeleka na kumrudisha kwa sababu mume wangu anasema hawezi kuacha wateja. Sikukataa, mama ni mama. Lakini tangu siku ya kwanza nilipompakia, gurudumu la nyuma likaanza kugonga, ko, ko, ko, kama kuna mtu huko chini anabisha hodi.

Mshauri, mimi si fundi lakini masikio ninayo. Niliacha kukanyaga pedali baiskeli ikajiendea yenyewe, bado ikagonga, nikajua si pedali wala si mnyororo. Nikaongeza mwendo, nayo ikagonga haraka haraka, nikapunguza, nayo ikapunguza, nikajua ni kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu. Nikashika breki kidogo, hakuna kilichobadilika. Nikikata kona ndiyo inazidi, tena inaongeza na mlio wa kukwaruza. Nikimshusha mama kliniki nikaenda peke yangu kununua sabuni, kimya, baiskeli imetulia utadhani haijawahi kunikosea, halafu nikirudi kumchukua, akikaa tu, ko, ko, ko.

Yote haya nilimweleza mume wangu kama nilivyokueleza wewe. Akaigeuza baiskeli miguu juu pale kibandani kwake, akalizungusha gurudumu kwa kidole, wateja wamekaa kwenye benchi wanatazama, gurudumu likazunguka bila neno. Akatia mafuta. Akasema, "Mama watoto, baiskeli hii nimeiunda kwa mikono yangu. Ikilia, ujue ni viatu vyako." Watu wakacheka. Nilipoirudisha mara ya pili akaipanda mwenyewe, akazunguka nayo mbele ya kibanda, kimya, akashuka akawaambia wale wa kwenye benchi, "Mke wangu ni redio, anashika stesheni ambazo sisi hatuzipati." Tangu hapo naitwa Bibi Redio, hata ninaowapelekea nguo zao wananiuliza mlangoni leo kuna taarifa gani ya habari, na mimi nimeshika shati la mtu mkononi.

Lakini kilichonichoma moyo ni mama mkwe mwenyewe. Siku moja tukiwa njiani aliniuliza kwa mdomo wake, "Mwanangu, ni nini hicho kinachogonga hapa chini yangu?" Nikamwambia, "Ni gurudumu mama, ndilo ninalolisema kila siku." Akasema, "Basi polepole, usije ukanimwaga." Nikafurahi, nikajua leo nimepata shahidi, nikapita naye moja kwa moja kibandani, nikamuuliza mbele ya mwanawe na benchi lote, "Mama, si umesikia?" Akatazama pembeni akasema, "Mimi nisikie nini na masikio yangu haya ya kizee? Baiskeli nzuri, mwanangu ndiye aliyeitengeneza." Mshauri, nilitamani ardhi ipasuke inimeze na baiskeli yangu. Na sitakuficha, safari iliyofuata nilikuwa na hasira, nikapita kwenye mashimo makusudi ili ile sauti impige sawasawa akose pa kukimbilia, akanishika kiuno kwa mikono miwili mpaka tukafika.

Sasa ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine, na yeye na mume wangu hata salamu hawapeani. Nikimpelekea nimemvua nguo mume wangu mbele ya mtaa mzima, na ameshatamka kwamba siku nitakayovuka barabara na baiskeli ile nisirudi kwake. Nisipompelekea na mama akaanguka, nani ataamini kwamba sikumwangusha kusudi, mkwe na mkwe tunavyojulikana? Wiki ijayo ana kliniki tena. Nifanye nini?

Mimi, Bibi Redio kwa kupachikwa.

Jibu:

Dada yangu, jina hilo sitakuita, na wewe usilitumie tena hata kwa utani. Katika nyumba hiyo ni wewe peke yako uliyeichunguza baiskeli.

Nimeisoma barua yako nikainuka nikaizunguka meza kwanza, la sivyo ningeandika maneno ambayo gazeti hili haliyachapishi. Mumeo amelijaribu gurudumu likiwa hewani, halijabeba hata nzi. Kisha amelijaribu akiwa peke yake kwenye kiti cha mbele. Wewe hukulalamikia baiskeli iliyo hewani, ulimwambia inalia mama akikaa kwenye keria. Habari yote iko hapo, na hilo ndilo aliloliruka. Mteja akimletea kiti kinacholia kikikaliwa, atakigeuza miguu juu akisikilize?

Mimi siwezi kutibu baiskeli kwa barua. Huenda spoki zimelegea, huenda ekseli imepinda, huenda ringi ina ufa unaofunguka uzito ukiingia. Fundi ataona akilifungua. Ninachojua ni kwamba gurudumu linalolalamika likibeba mtu litavunjika siku limebeba mtu. Mumeo angeweza kukosea kama fundi yeyote, nisingemlaumu. Ninamlaumu kwa sababu aliletewa gurudumu akampima mkewe, tena mbele ya benchi la watu wanaongoja kuzibiwa pancha.

Ila usianze kushangilia, kwa sababu na wewe una lako. Mama mkwe wako alisikia, unajua alisikia, na ulipokuwa naye njiani alikuambia ukweli bila kuombwa. Wewe ukampeleka mbele ya wateja ukamtaka achague kati ya mguu wake na heshima ya mwanawe. Ulitegemea achague nini? Mngekuwa jikoni watatu tu, angesema. Halafu ukampitisha mzee mwenye kidonda kwenye mashimo, juu ya gurudumu unaloamini ni bovu, ili ushinde ubishi. Hapo umeniudhi kweli. Unaogopa watu waseme umemwangusha kusudi, na siku ile angeanguka, wangekuwa wanasema kweli. Kamwombe radhi leo, kabla hujafua hata soksi.

Sasa sikiliza. Siku ya kliniki mama hapandi baiskeli hiyo. Mumeo afunge kibanda, atafute gari, ampeleke mwenyewe. Ni mama yake, na pancha zitamngoja.

Jioni ya leo, wateja wakishaondoka na benchi likiwa tupu, itoe baiskeli umwambie hivi: "Kaa kwenye keria, mimi naendesha." Usiongeze neno. Akae pale pale anapokaa mama yake. Usiniambie ni mzito, uzito ndio tunaoutafuta. Nenda polepole kwenye njia iliyonyooka, usitafute shimo, na midomo uifunge. Acha gurudumu lijieleze lenyewe.

Akishuka akaenda kuchukua spana, mwachie kazi yake. Usicheke, usimuulize kuhusu stesheni. Ila kesho yake awaambie wale wa kwenye benchi alichokikuta ndani ya gurudumu, kwa sababu jina la Redio ulipewa pale na pale ndipo litakapoondolewa. Asipowaambia, nguo zake afue mwenyewe mpaka awaambie.

Na akikataa kukaa kwenye keria? Akaanza kusema ana kazi, ana mgongo, watu watamcheka kubebwa na mwanamke? Basi dada, amekujibu. Fundi anayekuambia baiskeli ni nzima lakini haweki mwili wake pale anapomweka mama yake, kelele hiyo ameshaisikia siku nyingi. Hapo usibishane tena. Isukume kwa mkono, usiipande, uvuke nayo barabara mchana kweupe, benchi lote likitazama. Na akikuambia usirudi, mwambie sawa, ila kwanza akae na mama yake amweleze kwa nini.