Milango Sita ya Athumani

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nimefungua saa mbili. Mafuta kwenye cherehani, mto juu ya kiti. Suruali tatu za shule, kola moja ya shati la katekista. Kanzu ya Athumani, mwenye nyumba wangu, imebaki shingo tu, nitaitia nakshi kesho kutwa. Kila asubuhi ananisumbua kuhusu hiyo kanzu, na kila asubuhi namjibu kwamba tumbo lake linakua upesi kuliko mkono wangu unavyoshona.

Mchana amekuja kijana mwenye futi ya chuma. Anapima ukuta wa baraza, mlango wa kwanza hadi wa sita, bila salamu. Nikamwambia hapa mwenye kupima ni mimi. Hakucheka. Akaandika kwenye daftari akaenda zake.

Sijapenda.

Jumanne, 4 Julai

Athumani ameuza. Safu nzima, milango yote sita. Nimeambiwa na Gervazi, fundi baiskeli wa chumba cha nne, naye ameambiwa na muuza nyama. Mnunuzi ni mtu wa Mwanza. Anataka kubomoa ajenge gesti yenye vyoo ndani, kwa ajili ya hawa wageni wa misaada waliokuja na kambi za wakimbizi. Tuwe tumehama mwisho wa mwezi.

Baba yake Athumani alitoka Pangani akaijenga safu hii Omurushaka ikiwa bado na nyumba za kuhesabika. Mimi nipo chumba cha tatu miaka ishirini na miwili. Athumani na duka lake la chumvi na mafuta ya taa yupo cha pili. Ukuta wetu ni mmoja. Akikohoa namsikia. Halafu habari naipata kwa muuza nyama!

Nina hasira. Nina aibu pia, maana Gervazi alidhani najua.

Alhamisi, 6 Julai

Amekuja. Miguu imevimba tena, anatembea ameshika ukuta. Mkononi kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna. Akasimama mlangoni.

"Balta, ndugu yangu, tuongee."

Najua kikapu kile kina maana gani. Mwaka wa vita, sabini na nane, watu tulipokimbia, Athumani alibaki. Cherehani yangu akaificha kwenye stoo yake ya nyuma, chini ya magunia ya kahawa. Niliporudi niliikuta haina hata mkwaruzo. Ufunguo wa stoo nikaufunga uzi mwekundu, ndiyo asante niliyokuwa nayo. Tukapasua tunda moja la kahawa, punje moja yake, moja yangu. Hatukuchanjana damu kama wazee wetu, lakini ulikuwa omukago, undugu wenyewe. Ndugu wa omukago hafichwi jambo. Athumani ni wa pwani kwa baba, lakini amezaliwa hapa hapa na Kinyambo chetu anakisema kunishinda. Anajua.

Nikamgeuzia mgongo. Nikakanyaga pedali. Chini ya sindano hapakuwa na kitambaa, nilikuwa nashona hewa. Kisha nikasikia nyayo zake zikirudi upande wa pili wa ukuta.

Jumapili, 9 Julai

Ihanda, nyumbani. Misa, kisha ndizi na maharage. Koku, mke wangu, anasema nimsikilize mtu kwanza ndipo nimhukumu. Nikamwambia hajui kitu. Akasema anamjua Athumani aliyemletea sukari ya uji alipojifungua wa mwisho.

Nimekwenda kukata majani ya migomba ambayo hayakuhitaji kukatwa.

Jumamosi, 22 Julai

Gervazi kahamia kibanda njia ya Chonyonyo. Mama wa mgahawa kafunga jana, kagawa vikombe. Chai sasa naitoa nyumbani kwenye chupa, imepoa. Ng'ambo ya barabara, lililokuwa duka la majembe sasa ni baa, muziki tangu asubuhi. Pembeni yake saluni yenye kioo kikubwa. Nimeuliza chumba huko. Kila chumba kinawangoja hao wa misaada, watu wa magari meupe.

Huku nyuma mafundi wanagonga tangu juzi. Hawawezi hata kusubiri tuondoke.

Siku kumi na sita sijamsalimia Athumani. Tunakaa baraza moja. Yeye ananitazama, mimi natazama sindano. Inachosha kuliko kazi.

Jumatano, 26 Julai

Bi. Rehema, mkewe Athumani, amekileta kikapu.

"Shemeji, mzee anasema ukifungue leo. Usikiweke."

Wanaondoka kesho. Binti yao yupo Tanga, anamchukua baba yake akae karibu na hospitali. Nikasema haya, asante. Nikakisukuma chini ya meza. Kahawa ya namna hii haitumwi kwa mtu. Mwenyewe huileta kwa mkono wake.

Aliileta mwenyewe mara ya kwanza, najua. Angekuja na ya pili.

Alhamisi, 27 Julai

Basi la Bukoba, saa moja asubuhi. Wamempandisha watu wawili, mmoja kila kwapa. Alivaa kanzu ya zamani, yenye kiraka changu begani. Mpya ninayo mimi, haina shingo.

Kabla ya kupanda aligeuka akatazama chumba cha tatu. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, namwona kupitia ufa. Hatua nane, labda tisa. Sikutoka.

Jumatatu, 31 Julai

Nimehama. Cherehani nyuma ya baiskeli, kamba tatu. Mkasi, pasi ya mkaa, kanzu, kikapu, vyote gunia moja. Nitashonea nyumbani Ihanda, ambako kila mtu ana shati moja la kanisani na analitunza vizuri mno.

Jumanne, 1 Agosti

Nimerudi kutazama. Sijui nilifuata nini.

Mabati yameshashuka. Chumba cha tatu hakina mlango wala ukuta wa mbele, misumari yangu ya kutundikia nguo inaonekana toka barabarani. Msimamizi wa mafundi ni kijana mwenye adabu, amenipa shikamoo. Wamebakisha stoo ya nyuma tu. Ina kufuli.

"Mzee, bosi alisema kuna mtu angekuja na ufunguo mwezi ukiwa haujaisha. Tumengoja mpaka jana, hakuja. Unamjua?"

Nikasema simjui. Mwenye safu keshahama, stoo ya nini tena?

"Vunjeni tu."

Wakavunja. Kufuli kwa nyundo, ukuta kwa sururu. Ndani kutupu, kumefagiwa. Upande wa mashariki kuna dirisha jipya, hata chokaa haijakauka vizuri. Nani anatia dirisha kwenye stoo? Nilipoliona linaanguka nilifurahi. Naandika ukweli, nilifurahi.

Jumamosi, 5 Agosti

Koku alikuwa anatafuta mkasi kwenye gunia, akakitoa kikapu. Kahawa kiganja kimoja. Chini ya kahawa, ufunguo wenye uzi mwekundu. Chini ya ufunguo, karatasi. Mwandiko wa Bi. Rehema, maneno ya Athumani.

"Balta, miguu imekwisha, sikuwa na jinsi. Niliona haya kukwambia, nikachelewa mpaka wengine wakakwambia. Nisamehe. Stoo nimemwomba mnunuzi akuachie ushonee humo, naye kakubali, mradi ufungue kabla mwezi haujaisha. Usipofungua atajua hukutaka. Nimetoboa dirisha upande wa asubuhi, upate mwanga wa sindano."

Mimi nimesoma mara moja. Koku amesoma mara mbili, akakunja karatasi, akarudi jikoni. Angenigombeza ningeshukuru.

Ni mimi niliyesema vunjeni. Hakuna mwingine.

Jumapili, 20 Agosti

Sikwenda misa. Nimekaa nje na kanzu.

Shingo imekwisha. Nakshi nyeupe juu ya nyeupe, kama alivyotaka. Gervazi amewauliza watu wa msikitini Athumani anakaa mtaa gani huko. Wanajua ni Tanga, basi. Mmoja kasema huenda Bi. Rehema ataandika.

Ufunguo nimeutundika msumari mmoja na mkasi. Nimepiga kanzu pasi, nikaikunja. Kisha nikapasua tunda moja la kahawa yake. Punje moja nimeitafuna. Nyingine nimeitia mfukoni mwa kanzu.