Mstari wa Ng'ombe Mmoja Kwenye Ramani Yangu

Alhamisi, Juni. Uyole.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu ulikaa mpaka asubuhi ikaisha, na maroli yalipita barabarani yamewasha taa kama vile jua limegoma kuja kazini. Nimevaa soksi mbili mbili na koti juu ya koti, na bado vidole havitaki kuandika.

Leo nimemkatalia bosi wangu. Nimemkatalia kwa heshima zote, kwa sauti ya chini, huku nikiangalia meza. Lakini nimemkatalia.

Nianze mwanzo (majina, mahali na rangi za ng'ombe nimebadilisha, mtaona kwa nini), maana wengine mnaopita kwenye blogu hii hamjui kazi yangu, na hata mama yangu kule Iringa huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa ng'ombe. Si kweli. Ng'ombe akinitazama usoni, mimi ndiye wa kwanza kuangalia pembeni. Kazi yangu ni kulinda taarifa zilizo kwenye kompyuta za utafiti mmoja wa malisho. Tumewavalisha ng'ombe kadhaa wa Bonde la Usangu mikanda shingoni, na kila mkanda una kifaa kidogo kinachotumia nguvu ya jua kututumia habari kwamba ng'ombe huyo yuko wapi. Wafugaji wameiita tai. "Ng'ombe wangu siku hizi ni mwalimu mkuu," alituambia mzee mmoja siku ya kwanza, "anakwenda malishoni na tai."

Kwa hizo tai tunajifunza wakati wa kiangazi majani yanabaki wapi, ng'ombe wanatembea kiasi gani kufuata maji, na kama kweli ng'ombe mweusi huchoshwa na jua mapema kuliko mweupe. Mambo ya majani na joto ni ya Dokta Lugano, bosi wangu, mama wa Kinyakyusa anayeweza kukutajia jina la nyasi kwa kuipapasa tu. Langu mimi ni kuhakikisha mtu wa nje hawezi kujua ng'ombe gani ni wa nani. Wezi wa mifugo wapo, na ugomvi wa maji upo. Kwa hiyo nilifuta majina yote ya wenye mifugo nikaweka namba. Nikaweka na neno la siri refu ambalo mimi mwenyewe huwa nalikosea. Nikajiona nimemaliza.

Sasa, kwenye ramani kila ng'ombe anaacha mstari wake. Mistari mingi inaeleweka: anatoka zizini, anafuata majani, anafuata maji, anarudi zizini. Isipokuwa mmoja. Huyu ni jike mweusi mwenye tumbo jeupe, na kila akipata nafasi anawaacha wenzake, anakwenda upande usio na majani wala maji, anasimama huko peke yake mpaka mtu aje kumrudisha. Siku nyingine anafanya hivyo tena.

Dokta aliupenda sana mstari huo. Mimi niliupenda zaidi. Tuliuweka kwenye makala yetu ya utafiti, makala ambayo kwa mara ya kwanza jina langu lingetangulia, na chini yake tukaandika swali: ng'ombe huyu anafuata nini? Tukauweka pia kwenye bango la mkutano wa kesho, ambapo wafugaji wote tuliofanya nao kazi wanakutana kwenye shule ya msingi kule bondeni kuona tulichokipata. Pilau ipo, soda zipo, na ramani yangu ingekuwa katikati ya bango, kubwa kama mlango.

Jumanne nilimwonyesha Mhoja hilo bango kwenye kompyuta. Mhoja ni msaidizi wetu wa kule bondeni, kijana wa Kisukuma aliyezaliwa Usangu baada ya wazazi wake kuhama kutoka kaskazini na ng'ombe wao. Nilitaka tu aniambie kama maandishi yanasomeka.

Akacheka kwanza. Akaanza kuwataja ng'ombe kwa vidole, huyu mvivu, huyu mwizi wa mahindi. Halafu akauliza, "Dada, hizi rangi umeandika za nini?"

"Za ule utafiti wa joto. Nani mweusi, nani mweupe, nani ana mabaka."

"Umeficha jina la mtu, halafu ng'ombe mwenyewe umemwacha wazi. Kwetu ukishataja rangi umeshamtaja."

Nilijisikia mjinga. Mimi nimekulia Ipogolo, Iringa mjini, ambako ng'ombe tulimjua kama maziwa ya mlangoni. Nimesoma jinsi watu wa mijini wanavyoweza kutambuliwa kwa nyendo za simu zao hata majina yakifutwa. Naweza kuisimulia habari hiyo nikiwa usingizini. Haikunijia kabisa kwamba kwa mtu wa Usangu, mweusi mwenye tumbo jeupe ni jina kamili, na ukoo wake ndani.

Kisha Mhoja akaufuata ule mstari wangu mzuri mpaka mwisho. Akaufuata tena kwa kidole.

"Hapa ni kwa marehemu Masanja," akasema. "Huyu ng'ombe mimi nilimvalisha tai kwenye boma lingine kabisa. Nilijua ni wa pale."

Akanieleza taratibu. Kwao si ajabu mtu kuweka baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki. Ugonjwa ukiingia zizini kwako, haukumalizi. Na rafiki anapata maziwa. Masanja alipofariki, ndugu zake walikuja kugawana mifugo. Mjane wake, Mama Kabula, aliwaambia kwamba wale wachache waliokuwa kwa rafiki walikufa kwa ukame. Ndugu wakaamini, au wakachoka kuuliza.

"Na hao ndugu," nikamuuliza Mhoja, "Ijumaa kwenye mkutano..."

"Wana ng'ombe wenye tai, dada. Tumewaalika. Watakaa mbele."

Nilikwenda chooni nikalia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baba yangu alipofariki, baba wadogo walikuja na gari la kuazima. Walichukua mabati yaliyokuwa yamepangwa nyuma ya nyumba, wakachukua redio na baiskeli. Walipoulizia cherehani, mama akasema ameshaiuza ili kulipia jeneza. Cherehani ilikuwa kwa jirani, imefunikwa mkeka. Miaka yote iliyofuata mama alikuwa akienda kushona nyumbani kwa watu kama mgeni, na kwa cherehani hiyo mimi nikasoma. Hakuna mtu aliyewahi kuionyesha kwenye bango.

Siwajui mashemeji wa Mama Kabula. Inawezekana na wao wana watoto na shida zao, inawezekana wakinisimulia upande wao nitatikisa kichwa kwa huruma. Kuwaamua si kazi yangu. Lakini na mimi sikuajiriwa kuwapelekea umbea kwa kutumia setilaiti.

Jana tukashuka bondeni. Ukitoka Uyole na makoti yako, unayavua moja moja kadiri barabara inavyoshuka, na ukifika chini unajiuliza uliyabeba ya nini. Mama Kabula anaishi sasa kwenye chumba cha kupanga karibu na mashine ya kukoboa mpunga, anapepeta mchele wa watu. Mhoja akamwinamia akamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayo," nami nikatoa shikamoo yangu ya Iringa.

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya ridhaa na haki ya mshiriki. Akanisikiliza bila kuacha kupepeta. Kisha nikamwonyesha mstari kwenye simu. Nilidhani atakasirika kwamba siri yake tunayo. Akaweka ungo chini.

"Huyu anafika mpaka wapi?"

"Mpaka hapa, mama. Kwenye mji wenu wa zamani."

"Anaingia?"

"Anasimama hapa. Kama kwenye lango la zizi."

"Lango halipo tena," akasema. "Miti waliing'oa wakapeleka kwao. Hapo pamebaki vumbi tu." Akaushika mkono wangu uliokuwa na simu akausogeza karibu na macho yake. "Alizaliwa hapo. Mvua ilinyesha mpaka nikamwingiza ndani tulale naye."

Akaomba aone tena. Nikamwonyesha. Sisi na vifaa vyetu vyote tulikuwa tumeandika kwamba eneo lile halina majani wala maji, na tulikuwa tumeandika kweli.

"Na wewe ukiwa kule Uyole unamwona kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Na nani mwingine?"

Ningeweza kumpoza. Nikamwambia ukweli: ninamwona mimi, anamwona Dokta, anamwona yeyote atakayepata neno la siri. Ijumaa watamwona wote watakaokuja kwenye mkutano. Makala ikitoka, ataonwa na mtu yeyote duniani mwenye hamu ya kuangalia.

"Mashemeji zangu wamealikwa?"

"Wamealikwa, mama."

Akachukua ungo wake tena, akapepeta kidogo, akaacha.

"Kabula yuko sekondari," akasema. "Hao ng'ombe ndio Kabula. Mwanangu, nizimie huyo ng'ombe. Ale majani yake kama ng'ombe wa watu wengine."

Ndiyo maana leo asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya Dokta Lugano.

Dokta si mtu mbaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, chai yake ikapoa. Akauliza kama tunaweza kuisogeza mistari kidogo ili isilingane na mahali penyewe. Nikasema anayemjua ng'ombe hahitaji kuambiwa mahali. Akauliza kama tunaweza kufuta rangi. Nikasema tukifuta rangi, sehemu nzima ya joto inaanguka, tena umbo la mstari peke yake linatosha kumtaja. Akasema jarida linataka taarifa zote ziwekwe wazi, ili watafiti wengine wahakiki. Hapo yuko sahihi kabisa, na mimi mwenyewe nimekuwa nikipiga kelele kuhusu jambo hilo tangu chuoni.

"Unajua makala bila huyu ng'ombe inakuwa makala ya kawaida?"

"Najua, Dokta."

"Na nikisema abaki?"

"Mimi taarifa zake sitazikabidhi, Dokta. Utanisamehe."

Akakisogeza pembeni kikombe cha chai. Nikaanza kuhesabu marafiki wanaoweza kunitafutia kazi Dar es Salaam.

"Nilidhani nimeajiri mtu wa kompyuta," akasema mwishowe. Sijui kama ilikuwa sifa au lawama, na sikuthubutu kuuliza. "Mtoe. Na ramani yote itoke kwenye mkutano. Kesho tutasema habari za majani na maji, na kila familia tutaionyesha mstari wa ng'ombe wake peke yake, faragha. Makala itasubiri. Na jina lako litasubiri nayo."

Nikasema ndaga, yaani asante, na Kinyakyusa changu chote kikaishia hapo.

Inaniuma. Nisijifanye malaika. Niliutaka ule ukurasa wenye jina langu mbele, nilikuwa nimeshapanga nitakavyompelekea mama hata kama asingeelewa neno moja.

Baada ya hapo nikakimbilia soko la Mwanjelwa kuzuia bango lisichapwe. Nilichelewa. Kijana wa duka la uchapaji alikuwa ameshalimaliza na kulitundika mbele ya duka lake likauke wino, watu wanapita na mboga zao wakilitazama, na yule ng'ombe wangu katikati ya soko.

"Sista, limetoka kali," akaniambia kwa fahari.

"Limetoka kali sana, mdogo wangu. Lishushe."

Akalishusha akishangaa. Nikamwomba afute faili kwenye kompyuta yake. Akafuta. Nikamwomba afute na kwenye pipa la taka la kompyuta, halafu na kwenye flashi, halafu na kwenye simu aliyopokelea.

"We sista ni polisi?"

"Ni mbaya zaidi. Ni mtu wa usalama wa data."

Akacheka mpaka wa duka la jirani akachungulia. Nimerudi na bango limekunjwa kwapani, na nimelikatakata kwa mkasi kipande kwa kipande hapa sebuleni. Kazi ngumu kuliko nilivyodhani, yale maturubai wanayochapia mabango ni magumu.

Tai yenyewe tumekubaliana na Mhoja ibaki shingoni. Ukimvua ng'ombe mmoja tu, watu watauliza kwa nini. Avae tu, kama wanaume wanavyovaa tai kwenye harusi, haimsaidii wala haimdhuru. Ilibaki kazi ya kuizima kutoka huku, kazi ya sekunde chache.

Jioni kabla sijaanza kuandika haya nikafungua ramani. Nukta yake ilikuwa njiani. Alikuwa ameshawaacha wenzake, anakwenda upande ule ule. Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na nikasita. Nikamwacha afike kwanza. Alitembea bila haraka. Akafika mahali palipokuwa lango, nukta ikatulia.

Nikazima.

Kesho nitasimama mbele ya watu wote kule shuleni, mashemeji wakiwa mbele, nizungumze habari za majani na maji. Naogopa, lakini nitazungumza.

Jua limeshazama sasa. Labda mtu ameshamfuata amrudishe, labda bado amesimama. Sijui yuko wapi, na nimefurahi kwamba sijui.