Mrehani wa Shabani

Mkuza, Kibaha

Mama yangu,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mkaidi, ameshazaa au bado anawasubirisha? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekaa vibaya tangu Jumamosi ya juzi. Ningepiga simu, lakini simu yako anaipokea mdogo wangu Deo, mnaweka sauti kubwa na nyumba nzima inasikiliza. Hii nataka uisome peke yako, na miwani yako.

Naanza na swali la Deo, maana najua atauliza. Anataka nimtumie mashine ya kufyekea ya petroli, kama ile ya parokiani. Mwambie hapana, hata mimi sina. Tangu nianguke na pikipiki bega langu halibebi kitu kizito, na kazi zangu hapa ni za uani tu: majani, kingo za njia, maua ya ukutani. Kwa hizo nilinunua ya betri. Nilizunguka madukani siku nzima, kila mashine naishika na kuinyanyua, mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au napima watoto kliniki. Nikachagua nyepesi, inayokata kwa uzi wa plastiki badala ya kisu, pamoja na mkasi wa kupunguzia maua unaotumia betri ile ile. Haina moshi, haina habari za kuchanganya oili, wala haipigi kelele. Pori haiwezi, betri inaisha hujafika popote. Lakini majani laini inayalaza mara moja, na hapo ndipo nilipojiponza.

Mama Salma, karani ninayemtunzia bustani, aliniomba niende kwao Kisarawe kusafisha makaburi ya ukoo kabla ya mfungo. Miaka yote kaka zake hufanya kwa jembe na slasha, ila mwaka huu wako mbali. Alinisisitizia jambo moja: "Usianze mpaka mama akutembeze. Yeye ndiye anayejua nani amelala wapi." Mama yake anaitwa Bi Tatu, bibi mwembamba, macho yameingia ukungu. Nilimwamkia, akaitika, akasema, "Ngoja niswali adhuhuri, mwanangu, kisha nikupeleke."

Kwa nini sikungoja? Kiherehere, mama, kile kile ulichokuwa unanichapia. Nilitaka akimaliza kuswali akute pameshang'aa, aishangae mashine ya Mchaga. Makaburi yenye mawe niliyaona, nikayazunguka kwa adabu. Pembeni palikuwa tambarare, majani yamefika magotini, na katikati nikaona kivumbasi. Kwetu kivumbasi ni gugu la njiani, tunaling'oa tunafukuzia mbu. Nikapitisha uzi.

Harufu ndiyo iliyonishtua. Haikuwa ya kivumbasi, ilikuwa tamu, ile ambayo wanawake wa huku wanaiweka kwenye nywele siku za harusi. Kabla sijaielewa nikasikia sauti kutoka uani.

"Weee! Simama! Simama hapo hapo!"

Nikaachia kitufe. Bi Tatu alikuja peku, kanga ya kuswalia ikiburuta.

"Umekata wapi?"

"Hapa, bibi."

"Hapa wapi? Mrehani uko wapi?"

Majani yote yalikuwa yamesagika na kutapakaa, huwezi kujua hili limetoka wapi na lile wapi. Akaniambia bila kupaza sauti, na afadhali angenitukana. Pale amelala Shabani, mtoto wake wa kwanza, aliyefariki na miaka minne. Jiwe halikuwekwa. Mumewe alipanda mrehani upande wa kichwa, na kila ulipozeeka alipanda mwingine pale pale. Mume naye ameshafariki, na kaburi limeshalingana na ardhi.

"Mimi macho sina," akasema. "Huwa namfuata kwa mrehani. Sasa nitamfuata kwa nini?"

Nilipiga magoti, mama. Niliogopa kuliko siku ile ya pikipiki. Nikawa naondoa majani kwa vidole, nanusa, lakini mikono yote ilishanuka mrehani, pua haikunisaidia kitu. Nikaanza kupapasa udongo. Jua lilikuwa kali, jasho linaingia machoni, naye amesimama juu yangu. Nikashika kishina, nikakipigia kelele za furaha, kumbe ni mzizi wa mti mwingine. Akageuza uso. Nilimwomba Mtakatifu Antoni, wa vitu vilivyopotea, kwa Kichaga, maana Kiswahili kilikuwa kimenitoka. Baada ya muda mrefu kidole kikagusa kijiti kigumu, kifupi kama kucha, kimechanika juu. Nikakikwaruza, nikainama nikakinusa chenyewe: mrehani.

Nikamshika Bi Tatu mkono, nikaupeleka pale. Akachutama, akakipapasa, akanusa vidole vyake. Kisha akakaa chini kabisa kwenye yale majani. "Ndiye," akasema, akaanza kulia. Nami nikalia, sioni aibu kukwambia. Mwambie Deo kwamba mashine ya kisu ingeng'oa mpaka mzizi, na kwa kelele ya petroli nisingesikia naitwa. Mwambie pia kwamba hakuna mashine inayomponya mtu asiyesubiri.

Jumapili baada ya misa nilirudi na jani la sale, nimelikata kwenye ule mche ulionipa nikaja nao huku. Kwetu ukimpelekea uliyemkosea hawezi kukunyima msamaha, lakini Mzaramo angejuaje? Nikamweleza. Akaligeuzageuza, akaniuliza kama linaota. Nikamwambia linaota, lina kijiti chake.

"Basi lipande miguuni kwake," akasema. "Mrehani ukikataa kuchipua, nitamfuata kwa hili."

Tangu siku hiyo silali vizuri, kwa sababu ya mdogo wangu, Anjela wetu. Nimejaribu kukumbuka amelala wapi pale migombani. Nakumbuka ulinishika mkono siku ya maziko, nakumbuka mgomba mmoja ulioinama, lakini migomba inakatwa na kupandwa upya. Nikiulizwa leo siwezi kuonyesha, na mimi ndiye mkubwa. Deo hakuwa amezaliwa. Baba hayupo. Umebaki wewe tu unayejua, na mimi Krismasi tatu nimekosa kuja kwa visingizio.

Nisalimie baba mkubwa anayewakamulia ng'ombe, na shangazi wa duka la vitenge, mwambie kile cha bluu bado nakivalia ibada. Deo asifyeke chini ya migomba, hata kwa slasha.

Krismasi hii nakuja, mama. Kabla ya chai nipeleke kwa Anjela. Nitakaa mlangoni, sitagusa kitu, nitangoja mpaka unitembeze.

Mwanao,
Prosper