Syombua Analala Nje Kwenye Theluji

Mwaitu, mama yangu,

Leo ni Ijumaa, wenzangu wote wa chumba hapa Muraqqabat, huku kwa Waarabu, wameenda kanisani. Mimi nimebaki, nimewaambia kichwa kinauma. Hakiumi. Ni moyo ndio hauna mahali pa kukaa, na mtu niliyezoea kumwambia mambo kama haya ni wewe.

Tangu walipokuzika mimi nikiwa huku, Ndinda wangu uliyenilelea amejifungua. Msichana. Amemwita Syombua, jina lako, na mume wake hakubisha, ingawa ndugu zake wanalitamka kama watu wanaotafuna kitu cha moto. Unamkumbuka huyo mume, yule kijana wa kuchimba visima? Ulimpakulia muthokoi, akamaliza, akaomba tena. Ukaniambia kwa simu, "Huyu amelelewa na mtu. Hachagui chakula."

Basi alimpeleka kwao Ufini, huko juu kabisa. Mimi nilidhani ni mji. Si mji, Mwaitu. Ni halmashauri ya mashambani, vijiji vidogo vidogo vimetawanyika kati ya miti na maziwa, kijiji hiki hakioni kile. Shule, zahanati na duka viko kijiji kikubwa, na ukubwa wenyewe ni kanisa na kituo cha mafuta. Ndinda anasema vijana wamehamia mijini, watoto wamekuwa wa kutafutwa, kwa hivyo mtoto akizaliwa halmashauri yenyewe inaleta zawadi. Walimletea Syombua blanketi la sufu. Nilifurahi. Nikasema, kumbe ni watu.

Halafu nikapata picha kwa posta. Theluji imefika dirishani, na kigari cha mtoto kimesimama kwa veranda. Nikapiga simu, nikauliza, "Mbona kigari mmekiacha nje kiharibike?"

Ndinda akacheka. "Mama, si kina mtu ndani! Syombua amelala."

Nilikaa chini pale pale sakafuni. Eti ndiyo desturi yao. Usingizi wa mchana mtoto hulala nje, hata maji yakiganda, amefunikwa vizuri, anapumua hewa safi. Eti wote walilelewa hivyo, hata mkwe wangu, hata mama yake.

Mimi ile baridi siijui. Kwa hivyo nikiwa zamu hotelini, ninakoosha vyombo, niliingia kile chumba cha kugandishia nyama, nikafunga mlango, nijaribu kusimama mahali anapolala mjukuu wangu. Masikio yalianza kuuma kabla sijamaliza Baba Yetu. Mpishi wetu Mhindi akafungua akanikuta. "Yalla, Mama Ndinda, toka! Unataka nikukatekate na kuku?" Jikoni walicheka mpaka wakachoka. Mimi sikucheka.

Nikampigia Ndinda na ile sauti yako ya kuamrisha. "Mwingize huyo mtoto ndani leo hii. Mvishe sweta, na nyingine juu yake, kofia, blanketi, funga madirisha."

"Mama, lakini..."

"Hakuna lakini. Huyo ni nyanya yako huyo!"

Kwa sababu, Mwaitu, mwenye jina lako akilazwa kwenye barafu, ni kama wewe ndiye tumekulaza huko. Ndinda akasema haya. Akatii. Kila nikiuliza akawa ananiambia, "Yuko sawa." Hiyo "yuko sawa" ya haraka haraka haikunipa usingizi.

Jana ndipo amenieleza. Mtoto alikuwa analia tu, halali, shingo imejaa vipele vya joto, na yeye mwenyewe anakesha naye. Mume yuko kazini mbali, jirani wa karibu ni nyuma ya msitu. Lakini huko wana basi la vitabu, linazunguka kila kijiji, watu wanaingia wanaazima. Dereva ni mama mmoja wa makamo. Kila akipita kwa Ndinda huona kigari verandani. Safari hii hakukiona. Akasimamisha basi, akaacha watu wamekaa na vitabu magotini, akaenda kupiga hodi. "Mtoto yuko wapi? Anaumwa?"

Ndinda akaanza kulia. Yule mama akaingia, akamgusa mtoto shingoni, akamvua sweta, akamvua na ya pili, akafungua dirisha. Hakumkaripia. Alisema tu, "Huyu ameiva."

Kabla ya jioni vijiji vyote vilikuwa na habari kwamba kigari hakiko nje. Mzee mmoja akaja na supu ya samaki. Mwingine akauliza kama kuni zipo. Watu ambao Ndinda hakujua hata kama wanamjua.

Niliposikia hayo nilikuona, Mwaitu, umesimama mlangoni asubuhi na kikombe chako, unatazama bondeni. "Kwa Mumbua hakujatoka moshi. Hebu kimbia uone kuna nini." Na mimi nakimbia na umande miguuni, nikilalamika.

Ndinda alipomaliza akaniuliza, "Sasa Mama, nifanye nini?"

Angeweza kufanya tu. Mume yupo kwa simu, nesi wa halmashauri yupo, nchi nzima inamwambia. Lakini aliningoja mimi. Kadi ya simu ilikuwa inaisha, ile sauti ya mashine inanionya sikioni. Ulimi ulikuwa tayari kusema "ndani". Nikasema, "Mlaze nje." Nikasikia anavuta pumzi, simu ikakatika.

Sasa ndiyo saa yao ya kumlaza. Hapa jua limeshakausha shuka zote kambani, na mimi natetemeka. Nimesema vizuri? Wewe ungesemaje? Nimekaa nikisubiri jibu kana kwamba unaweza kupiga.

Pumzika, Mwaitu. Mtazame mwenye jina lako pale ambapo macho yangu hayafiki. Na mimi nakuahidi, madam wa hotelini akinipa likizo na viza ikitoka, nitaenda huko nikae dirishani. Sitamwingiza ndani. Nitatoka mara moja moja tu, niinue blanketi kidogo, nione kama anapumua. Hiyo usinikataze.

Mimi mwanao,
Kalekye